Nusu Kichwa Kabla ya Harusi

Bi Somoe, muuza maandazi jirani na kinyozi, anadai kwamba umeme ulipokatika bwana harusi Fidelis alichomoka kitini, nusu ya kichwa upara, nusu msitu, huku kinyozi akijitetea kuwa wembe hauwezi, yeye ni mtu wa mashine.

Kweli, saa nane unusu Fidelis aliingia ofisi ya umeme na kitambaa cha kinyozi shingoni. Kiango, mtabiri wa upepo unaozungusha mitambo ya umeme ya mji, aliinama nyuma ya kompyuta.

"Si ulisema upepo upo mchana kutwa?"

"Nilisema asilimia tisini, shemeji. Ndiyo maana tukazima jenereta."

"Iwasheni! Dada yako atafika kanisani saa tisa."

"Inachukua nusu saa kupata moto. Lakini upepo huenda ukarudi baada ya robo saa. Asilimia sitini."

"Sitini yako nitaivaa wapi? Kichwani kwangu ziko hamsini!"

Kiango aliwaza hasira za dada yake, akafuta jasho.

Fidelis akaketi, akashusha sauti. "Basi niamulie wewe, shemeji. Ningoje, au niende hivi hivi?"

Kule kilimani, panga moja la mtambo wa upepo lilijisogeza taratibu, likasita.