Jina la Mume Wangu

Saluni ilijaa pomoni, kila mwanamke na stika ya "Nimepiga Kura" kifuani, na umbea ulikuwa mtamu kuliko pai ya maboga iliyokuwa ikizungushwa. Siku hiyo jimbo zima lilikuwa likiamua kwa kura kama ndoa za watu wa jinsia moja ziendelee au zifutwe.

"Mimi nimezifuta!" alisema mwenye saluni, mkasi ukicheza nyuma ya sikio langu. "Warudi huko walikotoka!"

"Kwani binamu yako alitoka wapi, mwenzetu?" akadakia mteja wa kiti cha pili.

Wakaangua kicheko. Nami nikacheka.

Chini ya kitambaa nilichofunikwa, kidole gumba kiliizungusha pete yangu mpaka ngozi ikawaka. Tulihamia hapa majira ya joto yaliyopita tu, na nilikuwa nimeanza kuzoeleka.

"Wewe mgeni wetu, mbona unatuficha?" Mwenye saluni alinitazama kwenye kioo. "Mumeo anaitwa nani? Mlete Jumapili kanisani tumwone!"

Wote wakanigeukia. Jina lolote la kiume lingetosha.

"Nina mke," nikasema. "Anaitwa Marlys."

Mama mmoja akaweka sahani yake chini, akaenda kufunga mlango ili maneno hayo yasitoke nje.