Gramafoni Iliyovuma Kila Alhamisi

Rangi ya kucha ilikuwa imepasuka katikati.

Fundi alipiga magoti nyuma ya kabati la gramafoni, akavaa miwani, akaitazama tena ile skrubu. Alhamisi iliyopita alikuwa ameidondoshea tone moja jekundu, nusu kwenye kichwa cha skrubu, nusu kwenye bati, ili ikizungushwa hata kidogo ajue. Sasa nusu moja ilitazama dirishani, nyingine ikatazama mlangoni.

Skrubu haijizungushi. Hapa palikuwa na mkono wa mtu.

"Umeuona ugonjwa, fundi?" mshonaji aliuliza kutoka kwenye cherehani, pini tatu zikiwa mdomoni.

"Nimeuona," alijibu fundi, akiyapapasa masharubu yake.

Mara ya kwanza alipoitwa katika nyumba hii, gramafoni ilikuwa inaumwa kwelikweli. Ilikuwa ya zamani, ya valvu, vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani kama taa, na ilivuma mmmmm kama nyuki waliofungiwa kwenye debe. Fundi alibadilisha kapasita mbili zilizovimba, akalehemu, akapuliza vumbi la miaka thelathini, na mvumo ukakatika kabisa. Aliondoka kifua mbele.

Alhamisi iliyofuata akapigiwa simu. Inavuma. Akakuta ule waya mwembamba wa ardhi, unaotoka kwenye mkono wa sindano, umelegea kwenye skrubu yake. Akaukaza. Alhamisi ya tatu, inavuma. Waya uleule. Akakaza mpaka kiganja kikamuuma. Alhamisi ya nne akaja na rangi ya kucha.

Leo ilikuwa ya tano, na mambo yalikuwa hadharani. Nyumba hii ilikuwa na watu wawili tu. Mmoja alikuwa mshonaji, mwanamke wa miaka arobaini, mcheshi, asiye na mume. Wa pili alikuwa mama yake, aliyeshinda kwenye kiti karibu na spika akifuma sweta, na ambaye magoti yake hayakumruhusu hata kuokota uzi ulioanguka. Asiyeweza kuinama hawezi kufika nyuma ya kabati. Akabaki mmoja.

Fundi alikuwa na miaka sitini na sita, na mkewe alikuwa amefariki miaka minane nyuma. Hakuwa mtoto mdogo. Alikuwa ameanza kunusa jambo tangu Alhamisi ya tatu, ndiyo maana masharubu yake yalikuwa yamepakwa piko kuficha mvi, na shati lilikuwa limepigwa pasi mbele na nyuma, wakati siku zote hupiga mbele tu kwa kuwa nyuma hufunikwa na koti. Tena alikuwa ameacha kumwita mshonaji "mwanangu". Alihamia kwenye "dada", kimyakimya, bila tangazo.

"Leo unanukia, fundi," alisema mama bila kuinua macho kutoka kwenye sweta.

"Ni sabuni tu, mama. Shikamoo."

"Shikamoo ya tatu hiyo tangu uingie. Na huyo mama ni nani? Si uliniambia mwaka wako wa kuzaliwa? Mimi ni mdogo kwako."

Fundi alicheka kwa adabu, mawazo yake yakiwa kwenye cherehani.

Aliukaza waya, akaweka santuri, akashusha sindano. Tarumbeta ikalia safi, bila hata chembe ya mvumo. Mama alisikiliza wimbo hadi mwisho, akajikongoja kwenda jikoni kutazama chai. Mlango ulipojifunga nyuma yake, fundi akasimama, akajifuta magoti. Alikuwa na hotuba aliyoifanyia mazoezi nyumbani mbele ya birika, yenye utangulizi na shukrani. Yote ikamtoka kichwani.

"Dada," alisema, "hii skrubu hailegei yenyewe."

Mshonaji akaondoa mguu kwenye cherehani.

"Niliiwekea alama. Kuna mtu anailegeza kila wiki, ili mimi nije."

Mshonaji alizitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake. Akaanza kucheka kwa aibu.

"Basi, umenikamata. Ni mimi."

Fundi alihisi piko la masharubu likimwasha. "Hakukuwa na haja ya kuhangaika na bisibisi," alisema taratibu. "Ungeniambia tu. Ningekuja hata kama gramafoni inaimba kama ndege. Mwenzenu nimeshaanguka. Ndani ya nyumba hii ndimo nilimoanguka."

"Usinitanie, fundi!"

"Sitanii. Tangu Alhamisi ya tatu sipati usingizi."

"Na uko tayari? Mambo ya ndoa kabisa?"

"Hata kesho asubuhi."

Mshonaji aliruka kutoka kitini, akamshika mikono yote miwili, akaitikisa kama anayekung'uta shuka. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi ya furaha.

"Afadhali! Hujui nilivyochoka kutambaa nyuma ya lile kabati!" Akageukia jikoni, akapaza sauti. "Mama! Amekubali! Anasema anakutaka tangu Alhamisi ya tatu!"

"Sikukwambia?" sauti ikajibu kutoka jikoni. "Haya, mpigie yule fundi wa friji, mwambie asije tena."