Picha ya Msiba wa Rannojo

Mzee alivua kandambili mlangoni, akaketi kwenye mkeka, akasema amekuja kuagiza picha ya msiba wake mwenyewe.

Mohei alidhani amesikia vibaya. Kazi ilikuwa yake, kweli. Mwigizaji mkubwa wa Dotonbori, mtaa wa maigizo, akifariki, Mohei aliichora sura yake, mchongaji akaichonga kwenye ubao, mpiga chapa akatia rangi, na kabla matanga hayajaisha picha zilikuwa zimejaa madukani: marehemu katika joho la samawati, tasbihi mkononi. Lakini aliyekuja kuagiza siku zote alikuwa mwenye duka, si marehemu.

"Mimi ni Rannojo," mzee alisema. "Tabibu ameshanipapasa tumbo. Majira ya kuchipua sitayaona."

Mohei aliinamisha kichwa. Rannojo, bingwa wa mapanga, aliyeliacha jukwaa zamani akahamia mbali, watu wasijue ni wapi. Ujanani Mohei alimtazama kutoka nyuma kabisa, kwenye nafasi za bei rahisi, na uso wa Rannojo ulikuwa umepakwa rangi nyeupe na nyekundu. Uso wenyewe hakuwahi kuuona.

"Nichore hivi nilivyo, bila rangi usoni. Na usiitoe mpaka nife."

"Mbona usingoje, mzee, kama wenzako?"

"Nataka niione."

Akawa anakuja kila asubuhi. Mohei hakuwa na mgeni mwingine. Tangu mkewe afe kwa kipindupindu, mle ndani mlikuwa na yeye na brashi zake tu. Waigizaji walihama upande wa barabara walipomwona, wakihofu anawapima. Hata mama muuza tofu alimpa bidhaa huku amegeukia ukuta.

"Tazama huko, Mohei. Mwenzio mwaka mpya nautaka."

Alisema kwa utani, ila hakugeuka.

Mzee yeye hakuogopa kutazamwa. Alikaa mbele ya macho ya Mohei kama mtu anayeota jua.

"Ule mchezo wa mapigano kwenye theluji," Mohei alimwambia siku moja. "Ulipochomoa upanga wa pili, kelele zililitikisa paa."

"Nilizisikia."

"Mimi nililia, mzee. Mtu mzima na ndevu zangu."

"Ulilia?" Mzee alifikiri kidogo. "Upanga ule wa pili ulikuwa na mpini mbaya. Ulikuwa unateleza."

Alijua maneno yote ya michezo yote, hata yasiyokuwa ya Rannojo, na aliyasema kwa mnong'ono. Mohei akinyoosha mkono kutafuta brashi, alikuta imeshawekwa kiganjani mwake.

Picha ilikaribia kwisha. Siku moja Mohei aliikunja karatasi mapema.

"Leo pua imenishinda. Itabidi urudi kesho."

Pua haikuwa na shida yoyote. Kesho yake mzee ndiye aliyelalamika.

"Hili sikio si langu."

"Ni lako kabisa."

"Nami nakwambia si langu. Lichore upya."

"Wewe mzee una maringo kwa mtu anayekufa."

Wakacheka wote wawili, wakala tambi za moto kutoka chungu kimoja. Sikio likachorwa upya, kisha nyusi, kisha sikio lile lile tena. Mohei hakukumbuka lini kicheko chake kiliwahi kusikika ndani ya nyumba hiyo.

Baridi ilipoingia, mzee alikuwa amebaki mifupa. Siku hiyo hakulalamikia kitu. Aliishika picha kwa mikono miwili, akaitazama mpaka chai yake ikapoa.

"Ndiyo," alisema. "Huyu ni mimi."

Hakurudi tena. Siku chache baadaye alikuja mwenye nyumba ya wageni ya kando ya mto, alikokuwa amepanga mzee, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Yule mzee wako amefariki. Ndugu hana. Alisema uambiwe wewe."

Mazikoni walikuwa Mohei, mwenye nyumba ya wageni na mtawa mmoja aliyesoma harakaharaka kwa sababu ya baridi.

Kisha picha ikatoka. Kufika adhuhuri barabara ilikuwa haipitiki. Wanawake wenye mvi, waliompenda Rannojo walipokuwa wasichana, walilia hadharani picha zikiwa vifuani. Watu waliweka maua mekundu ya kamelia mbele ya duka.

"Masikini, kumbe alizeeka hivi?" mmoja alisema.

"Lakini macho ni yale yale," mwenzake alimjibu. "Macho yale ningeyajua popote."

Mohei alisimama pembeni, na kwa mara ya kwanza watu wa Dotonbori walimsogelea. Mama muuza tofu alimshika mkono, akamtazama usoni, akamwambia pole.

Theluji ilikuwa inaanza kuyeyuka alipofika mzee mnene kutoka Ise, amebebwa kwenye machela. Alikuwa na nakala ya picha. Aliketi, akaitandaza mkekani baina yao.

"Naambiwa watu walimlilia huyu."

"Sana, mzee. Barabara ilifungika."

"Na maua yaliletwa?"

"Mpaka mwenye duka akakosa pa kupita."

"Nani alimzika?"

"Mimi. Hakuwa na mtu."

Mgeni aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Alipoinuka, macho yake yalikuwa mekundu.

"Samahani," Mohei alisema. "Wewe na Rannojo mlifahamiana?"

"Rannojo ni mimi," mgeni alisema. "Huyu ni Sakuji, aliyechuchumaa nyuma yangu jukwaani maisha yake yote akinipa hiki na kile, nguo nyeusi mwilini na kitambaa cheusi usoni, ili watu wasimwone."