Daftari la Tekla

Daftari la tatu la Tekla lilichomwa moto Jumatatu, kama yale mawili ya kwanza. Lilikuwa na kurasa kumi na nne za bayolojia, na mchoro wa seli ambao Mwalimu Hilari aliusifu kuliko yote.

Sista Bernadeta hakuwa na ubaya. Alikuwa muuguzi wa wodi ya kifua kikuu, ukingoni mwa mji wa Tabora, na amri ilikuwa moja: karatasi inaweza kuingia wodini, ila ikishaingia haitoki. Alilitia daftari kwenye pipa la nyuma ya jiko, akasimama hadi likawa majivu.

“Sasa utasahihishaje, mwalimu?” aliuliza.

“Kwa kioo,” alijibu Hilari.

Ndivyo ikawa. Kila siku saa tisa alasiri walikutana kwenye dirisha la mwisho, lile lisilofunguliwa. Tekla aliubandika ukurasa kwenye kioo. Hilari akausoma polepole, akataja makosa kwa sauti kubwa, naye Tekla akayafuta na kuandika upya. Kikohozi kilipokuja, walisubiri wote wawili hadi kipite, kisha wakaendelea pale walipoachia.

Tekla alikuwa kidato cha sita. Tangu Januari hakuwa amepata hata kipindi kimoja cha bayolojia, na mtihani wa taifa ulikuwa umebakiza miezi mitatu. Darasani kwao somo hilo lilichukuliwa na wanafunzi wanne tu. Wale wenzake watatu waliogopa ugonjwa; hawakufika dirishani hata mara moja.

Baba yake, Mzee Ngollo, alifika siku moja kutoka kijijini Lusu. Alisimama hatua kadhaa nyuma, kofia mkononi, akakitazama kile kioo kwa muda mrefu.

“Mwalimu, hiki kweli kinatosha?”

“Kinatosha, mzee wangu. Daktari mwenyewe amesema.”

Mzee akamtazama binti yake, akamtazama mwalimu. “Mungu akulipe,” alisema, akaondoka bila kukaribia.

Hilari hakukosa siku. Ilikuwa saa moja tu kwa siku, na saa zilizobaki zilikuwa ndefu. Mke hakuwa naye. Ndugu zake wa Ntalikwa walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya wakati wa operesheni ya vijiji, na hakujua hata nyumba yao ya sasa iko wapi. Mvua iliponyesha hawakuonana, yeye na Tekla, na siku ya namna hiyo alikuwa hasemi na mtu mpaka jioni.

Alhamisi moja aliinua picha aliyokuwa ameikata kwenye jarida la zamani na kuibandika kwenye kipande cha boksi.

“Hiki ni kiini cha seli,” alisema. “Picha imepigwa kwa hadubini ya elektroni. Unaona ngozi yake? Ina matundu, maelfu. Na kila tundu limezungukwa na vipande vinane, kama watu nane waliokaa kuzunguka kisima.”

“Vinafanya nini?”

“Vinasimamia njia. Vitu vidogo, kama chumvi, vinapita bila kuulizwa. Vikubwa havipiti hivi hivi. Ujumbe unatengenezwa ndani ya kiini, unatoka. Protini zinatengenezwa nje, na zile zinazohitajika zinaingia.”

Tekla aliandika. Kisha penseli ikasimama.

“Mwalimu, zikija protini mbili, zote kubwa, zinalingana. Moja ina kazi ndani, nyingine haina. Tundu linajuaje?”

Hilari akaitazama tena ile picha. Alikuwa amefundisha miaka kumi na moja, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kumfikisha pale ambapo maarifa yake yaliishia.

“Sijui,” alisema. “Na waliopiga picha hii nao hawajui bado.”

Tekla akafikiri. “Kumbe kuna kazi imebaki.”

“Imebaki,” alisema Hilari, na akacheka, mara ya kwanza tangu mwaka uanze. Kicheko kikageuka kikohozi kwenye chumba kile cha baridi, na Sista Bernadeta akachungulia kutoka mwisho wa wodi kuona kuna nini.

Wiki ya mtihani Tekla hakuonekana dirishani. Hilari alifika vilevile, saa tisa kamili, akakaa mbele ya kioo kitupu akijiuliza maswali na kujijibu. Siku ya tano akasikia kidole kikigonga.

“Walileta kiini,” Tekla alisema, akihema. “Nimejaza kurasa tatu!”

Matokeo yalitoka. Alikuwa amefaulu, na jina lake lilikuwa kwenye orodha ya waliotakiwa Ruvu, kambi ya jeshi la kujenga taifa. Alasiri ya mwisho alikuja na sanduku la bati. Alikuwa amesuka nywele upya.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, Tekla.”

Wakatazamana. Hakukuwa na ukurasa wa kusahihisha.

“Treni inaondoka saa kumi na mbili,” alisema. “Nikimaliza jeshi nitaomba chuo kikuu. Nitasoma yale matundu mpaka nijue.”

“Usinisahau ukijua.”

“Sitakusahau.”

Alitaka kusema jambo jingine, akaishia kuinua sanduku. Hilari alimfuata kwa macho hadi geti, kisha hadi kwenye njia ya zamani ya misafara, mpaka blauzi yake nyeupe ikapotea kwenye vumbi.

Sista Bernadeta alimkuta bado amesimama, paji la uso likigusa kioo.

“Amekwenda?”

“Amekwenda.”

Sista akamshika kiwiko kwa upole.

“Twende kitandani, mwalimu. Sindano yako imechelewa.”