Nyuzi Nyembamba za Karuba

Pikipiki ilikuwa imeshawaka, na gitaa la umeme la marehemu mume wa Rosalie liko mgongoni mwa shemeji yake, linakwenda kwake Karuba. Ukoo ulishakata shauri: kitu cha kaka ni cha mdogo wake.

"Mwanamuke na gitare, wapi na wapi?" shemeji alicheka. "Sasa uniambie, kamba gani inatoa ile sauti ya zamani ya kaka? Paska kanisa yote itanisikia."

Rosalie akaleta pakiti mbili za nyuzi alizoacha marehemu: nene za chuma, na nyembamba za nikeli tupu. Akautazama mkono wa shemeji kwenye usukani, mpana kama koleo. Mkono ule hupiga gitaa kama unapasua kuni. Mumewe alikuwa akizigusa nyuzi kwa ncha za vidole tu.

"Hizi nyembamba njo zenyewe," akasema, na hapo hakudanganya. "Na upige na nguvu, shemeji, hata wale wa mulangoni wasikie."

"Aksanti! Uko na roho nzuri."

Siku ya Pasaka nyuzi tatu zilikatika kabla ya ubeti wa pili, na kanisa likacheka, pasta naye akacheka. Tangu hapo shemeji anachunga ng'ombe, hapigi tena. Gitaa linaning'inia ukutani kwake. Rosalie analima maharagwe Kibabi, wala hajalidai.