Mtoto wa Uzi Mwekundu

Faustino alikuwa amepiga magoti kwenye gereji yake ughaibuni, mjini Inver Grove Heights, akifungua fundo la uzi shingoni mwa mtoto wa mbwa, sikio lake moja likiwa bafuni. Maji yalikuwa bado yanamwagika. Mkewe Noela akianza kuoga Jumamosi asubuhi, mtu anaweza kuiba nyumba nzima na kurudi kusalimia.

Watoto walikuwa sita, beagle wa kuwindia sungura, wote na baka jeusi kama tandiko mgongoni na ncha nyeupe mkiani. Kwa kuwa walifanana mno, kila mmoja alikuwa na kipande cha uzi wa kufumia shingoni, na rangi yake. Faustino aliwajua kwa nyuzi tu. Yeye ni dereva wa lori: Jumatatu anaondoka, Ijumaa jioni ndiyo anarudi. Kwenye mashindano ya mbwa watu humwita mfugaji, lakini anayewalisha, kuwaogesha na kuzoa mavi yao ni Noela.

Aliuvua uzi mwekundu kwa jike mmoja, akamvisha jike mwingine aliyekuwa na uzi wa kijani. Yule wa kwanza akamvisha kijani. Kazi ya dakika mbili, kisha akajifuta magoti na kwenda kunywa maji kama mtu asiye na hatia.

Balaa lenyewe alilileta kwa mdomo wake. Jumapili iliyopita aliburuta ngozi ya sungura uani, na yule wa uzi mwekundu, wiki saba tu duniani, akaifuata kona kwa kona, pua chini, akibweka kwa sauti ndefu ya mbwa mzima. Faustino nusura alie. Angelia tu ingekuwa heri. Yeye akapiga video, akamtumia Philister.

Sasa Philister ndiye mtu pekee ambaye hakupaswa kuiona. Mama huyu Mkenya wa mji wa Hopkins ndiye mwenye Jenerali, baba wa watoto hawa, dume aliyeshinda mashindano ya kunusa sungura miaka miwili mfululizo. Hakutaka malipo yoyote ya dume wake. Alitaka kile wanachopeana wafugaji siku zote: watoto wakifika wiki nane, mwenye dume anachagua wa kwanza. Alijibu upesi. "Huyo wa red ni wangu," aliandika. "Usimpe mtu."

Wiki nzima Faustino aliendesha lori akimwaza mtoto yule. Tausi, mama wa watoto, alikuwa na miaka saba, na daktari alishasema hatazaa tena. Mbwa mwenye pua ile akiondoka, Faustino ataendelea kwenda mashindanoni kuwapigia wenzake makofi. Kila jioni alimpigia Noela kulalamika. Noela hakumpa pole hata ya kuzugia. Alimwambia ahadi ni ahadi, ampe mama wa watu mbwa wake, yaishe. Faustino alishangaa kidogo, maana Noela ni mtu asiyekubali hata kijiko chake kitoke nyumbani kimyakimya.

Jumamosi hiyo Philister alifika saa nne asubuhi, amebeba boksi lenye blanketi. Noela alikuwa ametoka bafuni na kwenda moja kwa moja jikoni kusukuma chapati, na huko huko alibaki. Alimsalimia mgeni kupitia dirisha, akaomba radhi kwamba mikono imejaa unga. Faustino alijua mkewe ameumia, hataki kuona mtoto akiondoka. Alimwonea huruma kweli.

Gerejini, Philister alimwinua yule wa uzi mwekundu, akamtazama meno, akambonyeza nyayo moja moja. Faustino alikunja uso kama aliyefiwa. Kwa kunogesha, akambembeleza amwache huyo, achukue dume mmoja mnene aliyekuwa pembeni akimng'ata mwenzake sikio.

"Wacha hiyo, Bwana Faustino," Philister alimwambia. "Deal ni deal. Mimi nilishachagua."

Mtoto alipoingizwa garini alianza kubweka, sauti ndefu, safi, na hakunyamaza mpaka gari lilipopinda kona. Faustino alijisemea kwamba wengine huogopa magari.

Kisha alifunga mlango wa gereji na kucheza kidogo, peke yake, mabega tu. Alichukua ile ngozi ya sungura na kuiburuta mbele ya yule wa uzi wa kijani, taratibu, kona kwa kona. Mtoto akainusa mara moja, akaikalia. Amechoshwa na wageni, Faustino aliwaza, akampapasa kichwa kwa mapenzi makubwa.

Noela alitokea mlangoni, unga mpaka kwenye viwiko, uso wake unang'aa kama siku ile alipopata uraia.

"Baba Valentina, acha kununa," alisema. "Mbwa wetu hajaenda popote. Juzi Alhamisi, wewe ukiwa safarini Dakota, nilibadilisha nyuzi. Yule mwenye pua nilimvisha kijani, yule mvivu nikamvisha nyekundu. Sikukwambia kwa sababu mdomo wako ungemwambia Philister kabla sijamaliza kufunga fundo."

Faustino aligeukia mlango wa gereji, upande lilikoelekea gari la Philister.

Noela aliinama, akamnyanyua yule wa kijani kutoka kwenye ngozi, akamgeuza uso kuelekea kwenye taa. Akamtazama. Akamtazama tena.

"Faustino," aliuliza polepole, "huyu mvivu nani kamvisha kijani?"