Bahasha Juu ya Jiko la Wali

Tik. Alfajiri gizani, jiko la wali la umeme lilimaliza kupika, nami nikachukua bahasha iliyolala juu ya mfuniko wake tangu jana, mahali ambapo nisingeisahau.

Ndani mlikuwa na ombi letu la fungu la akiba la jiji. Bila fedha hizo, ukumbi ambamo Bibi Sawae huwalisha watoto wa mtaa kila Jumamosi ungefungwa wiki hii.

Jioni nilitoka kazini, nikamchukua mwanangu chekechea, tukafika kwenye dirisha la ofisi ya jiji zikiwa zimebaki dakika tano ofisi ifungwe. Ilikuwa siku ya mwisho ya kupokea maombi.

Karani alifunua karatasi, akazigeuza.

"Dada, muhuri ninauona. Maandishi ndiyo siyaoni."

Kurasa zote tano zilikuwa nyeupe. Ulikuwa umebaki muhuri mwekundu wa Bibi Sawae tu, umesimama wima pembeni, jinsi alivyoupiga kwa mikono miwili.

Nilikuwa nimeandika kwa kalamu ya mwanangu, ile ambayo wino wake hufutika kwa joto.

"Nisubiri kidogo, kaka. Naandika upya sasa hivi."

"Mimi ningekusubiri. Mashine ya kugonga saa kwenye maombi ndiyo haisubiri."

Mwanangu alisimama kwa vidole vya miguu, kidevu kikafika mezani.

"Mjomba, njoo ukumbini Jumamosi, tutapika kari."